Rambo zimeondoka, nailoni tunazo bado

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa rambo ni marufuku Tanzania Bara, na ukiangalia mitaroni tofauti unaiona. Ila katazo lile lililenga mifuko ya kubebea. Vifungashio viliachwa, ndiyo maana mtu anatoka sokoni na kikapu chake cha ukili, akikifungua ndani kuna nailoni ya nyanya, ya hoho, ya ndimu, ya dagaa, ya sukari robo. Kikapu hapo ni pambo.

Ninachosema ni kwamba nailoni hizo hizo ndizo zinazotuozeshea mboga. Nyanya huendelea kupumua hata ikishachumwa. Ukiifunga kwenye nailoni kwa joto la Dar es Salaam, mvuke wake unageuka matone, maji yanatuama kwenye kikonyo, na ukungu unaanzia hapo. Ile moja iliyopasuka chini ya fungu inaambukiza jirani zake mpaka asubuhi. Kwa hiyo ukifika nyumbani mimina zote. Zilizopasuka zipikwe jioni hiyo hiyo. Nyingine zipange kwenye ungo safu moja, kikonyo kikiangalia chini, mbali na jua. Zilizoiva kabisa zinaweza kuingia kwenye friji. Mbichi usiziingize, baridi inazizuia kuiva na inaziua ladha.

Na fungu lenyewe lina hesabu yake. Ni rahisi kwa sababu ndani zimo za kupikwa leo leo. Mama ntilie atalimaliza kabla ya saa nane mchana, kwake ni faida tupu. Anayeishi peke yake akinunua fungu Jumamosi ili limfikishe Ijumaa, nusu atatupa. Huyo amwombe muuzaji amchagulie kwa kilo: chache nyekundu za leo na kesho, zilizoanza kugeuka rangi za katikati ya wiki, na zenye ukijani za mwisho. Mchicha haungoji hata hivyo. Usiuoshe kabla ya kuuhifadhi. Fungua kamba, toa majani yaliyolegea, usimamishe mizizi kwenye maji kidogo, na uupike kesho yake.

Dukani kwa Mangi ndipo penye nafasi kubwa ya kuachana na nailoni, maana kupima tumekujua siku zote. Tatizo ni saa. Jioni duka likijaa, Mangi anakupa sukari aliyokwisha kuifunga, na ukimtolea kopo lako foleni nzima inakununia. Nenda asubuhi watoto wakishaenda shule, au alasiri. Mwambie apime kwanza kwenye sahani ya mizani yake, kisha amimine kwenye kopo lako. Kopo likipandishwa kwenye mizani bila kutoa uzito wake unaibiwa bila mtu kukusudia: kopo la gramu 200 kwenye kilo moja ya mchele limekula sehemu moja ya tano. Chupa ya mafuta iwe kavu kabisa. Iliyooshwa asubuhi na kubaki na matone itayaharibu mafuta, na yakiingia kikaangoni yatakurukia.

Samaki na nyama viwe na chombo chao chenye mfuniko, kisichowahi kubeba kachumbari, kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila ukirudi. Hapa sitamlaumu mwuza samaki anayefunga nailoni mbili. Wateja wengi hawaji na chombo, na maji ya samaki yakimwagikia mtu kwenye daladala lawama zinamrudia yeye. Lawama zangu nazipeleka supamaketi, kule karoti tatu zinalazwa kwenye trei ya povu na kuzungushiwa plastiki wakati zilifika zimo kwenye gunia.

Unga nao hutupwa sana, hasa na waliohamia dona kwa ajili ya afya wakaendelea kununua kama wanavyonunua sembe. Sembe imekobolewa. Dona imebaki na kiini, kiini kina mafuta, na mafuta yakikaa kwenye joto unga unakuwa na harufu na uchungu. Chukua dona ya wiki mbili tu, mashineni, na chombo chako. Unga mpya usiumimine juu ya wa zamani: maliza, futa ndoo, ianike, ndipo ujaze. Wadudu wa unga uliokwisha wanangojea kwenye pembe za ndoo ile.