Figo Nzuri ya Karatasini

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, mama mmoja alileta majibu ya bintiye mwenye selimundu. Anataka kumpeleka Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, akapandikizwe uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ubishi ukazuka. Jirani akaishika karatasi: kreatinini, taka ya mwili inayochujwa na figo, iko chini, figo safi, waende. Mzee mmoja akapinga, kwamba dawa za kule zinaua figo, na mwenye figo yenye doa asithubutu.

Mzee ana hoja. Kabla ya kupokea seli shina, zile za kuotesha uloto mpya, mgonjwa hupewa dawa kali za kuung'oa uloto wa zamani. Nyingine, kama fludarabini, hutoka kwa njia ya mkojo, kwa hiyo figo ikichoka dawa hukaa mwilini kupita kiasi. Baadaye huja saiklosporini, ili uloto mgeni na mwili visipigane, nayo huibana mishipa inayoilisha figo damu. Weka juu yake homa, kutapika, pengine gentamaisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo. Aliyeingia na akiba ndogo huimaliza mapema, na akifikia dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, hali huwa mbaya kweli.

Lakini kumfungia mlango? Wagonjwa wa saratani ya mieloma wamepandikizwa seli zao wenyewe hali wako kwenye dayalisisi; melfalani, dawa yao kali ya kabla ya kupandikizwa, hupunguzwa tu, kutoka miligramu 200 hadi 140 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Tena selimundu yenyewe hula figo. Kungoja nako kuna gharama.

Jirani ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Figo za mtoto wa selimundu huanza kwa kuchuja kupita kiasi, na kreatinini hushuka, huku protini ikivuja kwenye mkojo. Isitoshe, kreatinini hutoka kwenye misuli, na watoto hawa wengi ni wembamba. Namba ndogo si lazima iwe figo nzima. Kreatinini ikipanda kutoka maikromoli 30 hadi 45 kwa lita ndani ya siku saba, hilo tayari ni jeraha la figo, maana imefika mara moja na nusu. Ilhali hiyo 45, ukiisoma peke yake, maabara itaiita ya kawaida. Kwa hiyo karatasi ya leo itunzwe, na mkojo upimwe albumini, ile protini inayovuja.

Mama alikuwa kimya muda wote. Mwishowe akauliza kama diklofenaki anayompa bintiye kila maumivu yakibana inahusika. Inahusika sana, nikamwambia, kwani nayo huweza kuumiza figo, na daktari aijue hiyo kabla ya yote.