Akishavua gwanda, cheo kibaki?

Marehemu John Komba wa kikundi cha sanaa cha TOT (Tanzania One Theatre) alikuwa mwimbaji na mbunge wa CCM, lakini mpaka anafariki mwaka 2015 watu walimwita Kapteni Komba. Yusuf Makamba, Katibu Mkuu wa chama hicho hadi 2011, naye akajulikana nchi nzima kama Luteni Makamba. Je, cheo cha jeshi kina kazi gani kwenye jukwaa la siasa?

Wanaokitetea wana hoja nzito. Afisa hakuokota nyota zake. Amesota kwenye chuo cha maafisa wa jeshi Monduli, ametunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu, akatoka Luteni Usu mwenye nyota moja, kisha akapanda polepole: Luteni, Kapteni, Meja. Kustaafu kwa heshima hakumvui hayo. Tena kizazi hicho kililelewa na mfumo wa chama kimoja, askari akiwa mwanachama waziwazi. Vyama vingi vilipoingia 1992 ikabidi kuchagua. Jakaya Kikwete alichagua siasa, akaondoka jeshini akiwa Luteni Kanali.

Kinachonisumbua ni Ibara ya 147 ya Katiba. Inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa; amebakiziwa haki ya kupiga kura tu. Sasa mshereheshaji akinadi mgombea kwa kupaza sauti "Kanali!", na lile neno "mstaafu" akalimeza, mpiga kura anasikia jeshi limesimama upande mmoja. Mpinzani ambaye maisha yake yote alishika chaki atajibu kwa cheo gani?

Halafu kuna suala la ngazi yenyewe. Luteni kikosini huongoza platuni, watu thelathini hivi. Uingereza, tulikorithi mfumo huu, wanaoendelea kuitwa kwa cheo uraiani kwa kawaida ni kuanzia Meja. Kwetu mpaka huo haukushika; Luteni na Kapteni vimegeuka majina ya kwanza.

Sisemi vifutwe. Kwenye kadi ya harusi, msibani, kwenye mkutano wa wastaafu, mwite Brigedia naye afurahi. Kwenye kampeni, ama "mstaafu" itamkwe kila mara, ama cheo kiachwe nyumbani. Kikwete alipokuwa Rais tulimzoea zaidi kwa "Dk.", tena udaktari wa heshima, na hakuna kambi iliyoacha kumpigia saluti.