Mbuzi Aliyeshika Usukani

Niliajiriwa kuivusha mashua ya matanga ya mita 9 kutoka Mahé, Ushelisheli, hadi Mombasa, peke yangu, katika mwezi wa Septemba, wakati kusi, ule upepo wa kusini, limekwisha kupoa na bahari imeanza kuwa na adabu. Mahé iko digrii 4 na dakika 37 kusini ya ikweta, na Mombasa iko digrii 4 na dakika 4, kwa hiyo kwenye karatasi safari hii ni kama kutoka sebuleni kwenda jikoni: unatoka mlangoni, unaelekea jua linakozama, na baada ya maili 950 hivi za bahari unaigonga Afrika, ambayo ni kubwa na si rahisi kuikosa. Hivyo ndivyo nilivyomweleza mjomba wangu, aliyekuwa nahodha wa majahazi huko Lamu kwa miaka mingi kabla magoti yake hayajamstaafisha, naye aliniuliza swali moja tu: nitakula nini.

Sikulipuuza swali hilo. Nilinunua mchele, dengu, ndimu na nazi 20, na juu ya hayo nilikuwa nimekuja na mbuzi yangu kutoka nyumbani. Kwa msomaji wa bara, mbuzi ninayoitaja hapa ni kile kigoda cha mbao cha kukunja, ambacho mkunaji hukikalia kama anayepanda punda, na mbele yake umetokeza ulimi wa chuma wenye meno madogo ya kukunia nazi. Yangu ni ya urithi. Mbao yake imelainika kwa makalio ya vizazi vitatu, na ulimi wake ni chuma cha zamani, kizito, kipana kama kiganja cha mtoto. Walioniona nikipita nayo uwanja wa ndege walidhani nimebeba chombo cha muziki.

Baharia wa pili katika safari hii alikuwa mashine. Mtu mmoja hawezi kushika usukani mchana na usiku, kwa hiyo mashua ilikuwa na kifaa cha umeme kilichofungwa kwenye benchi la tezi, yaani nyuma ya mashua, chenye mkono unaotoka na kuingia, ukiisukuma na kuivuta kana, ule mti wa kugeuzia usukani, kadiri inavyohitajika. Unakipa digrii unazotaka, nami nilikipa 272, nacho hakilali, hakili, na hakinung'uniki isipokuwa kwa mlio mwembamba kama wa mbu. Nilikiita Serahangi, kama mkuu wa mabaharia melini. Jambo nililolijua, lakini sikulitia akilini, ni kwamba Serahangi hakuwa akiongozwa na setilaiti wala na dira kubwa iliyokuwa mbele yangu, bali alikuwa na dira yake ndogo ya umeme ndani ya tumbo lake.

Siku mbili za mwanzo zilipita bila kisa. Usiku wa kwanza niliangalia sana visiwa vya Amirante, ambavyo vimelala chini kabisa upande wa kusini wa njia na havina mlima wa kumwonya mtu, lakini tulivipita kwa mbali. Nililala kwa vipande vya dakika 20, saa ya jikoni ikiwa imefungwa shingoni, kwa kuwa meli kubwa iliyo nje ya upeo wa macho inaweza kukufikia katika muda kama huo. Kila nilipoamka nilitazama pande zote, nikasoma dira, nikaandika batli, lile daftari la safari, nikalala tena. Asubuhi niliokota samaki panzi waliorukia ndani usiku, nikawakaanga. Tumbo lilikuwa bado linajizoesha mawimbi, kwa hiyo mbuzi ilikaa chumbani, imekunjwa, haina kazi.

Siku ya tatu nilipona, nikatamani wali wa nazi. Mahali pekee penye nafasi ya mtu kukaa na kukuna palikuwa pale tezini, na nilipomaliza niliona kuwa mbuzi ikiachwa ovyo itateleza na kunikata mguu, basi nikaisukumia chini ya benchi, ikabana vizuri sana, ulimi ukielekea juu. Juu yake kabisa, kwa umbali wa shubiri moja, alikuwa amefungwa Serahangi.

Nilikula, nikashiba, nikalala zile dakika 20, na naungama kwamba nilizilala mara tatu mfululizo bila kuinua kichwa sawasawa. Ulikuwa usingizi mzuri kuliko yote niliyoyapata tangu Mahé. Mashua ilinibembeleza kama mtoto kwenye susu, na upepo ulikuwa kimya. Baharia mwenye akili angejiuliza kwa nini kusi limenyamaza ghafla. Kusi halikuwa limenyamaza, lilikuwa limehamia nyuma yetu kabisa, na upepo wa nyuma haukupigi usoni, kwa kuwa unakwenda nao. Niliamshwa na tanga kubwa lililopokea upepo kwa upande wa pili, likavuka mashua nzima kwa mshindo, na boriti yake ikaukumba mkono wa sufuria niliyokuwa nimeining'iniza ikauke. Sufuria iliondoka. Niliiona mara ya mwisho ikielea kwa heshima, ikijaa maji polepole, juu ya kina cha mita zaidi ya 4,000.

Nilitazama dira kubwa: digrii 307. Nilimtazama Serahangi: kioo chake kilisema 272, bila aibu. Ulikuwa wakati wa adhuhuri, na mashua ilikuwa imegeukia kaskazini-magharibi, upande wa kibla kwa makadirio yasiyo mabaya, hata kwa dakika moja nilifikiri kwamba kumbe mimi ndiye niliyezembea na chombo kimeniwahi kwenye sala. Niliswali. Chombo kiliendelea na ibada yake.

Nilitafuta kitabu cha maelekezo. Kilieleza kwamba dira ya Serahangi ikipotoka husahihishwa kwa kuizungusha mashua duara mbili, polepole, bahari ikiwa tulivu. Kurasa za 14 na 15 zilikuwa zimegandamana kwa kahawa ya mtu aliyenitangulia, lakini sikuona haja ya kuzibandua. Siku ya nne alfajiri, upepo ulipolegea, niliteremsha matanga, nikawasha injini, nikaanza kuzunguka katikati ya Bahari ya Hindi kama kuku aliyekatwa kichwa. Katika duara ya pili redio iliita kwenye chaneli 16. Ilikuwa meli ya makontena iliyokuwa ikipita kwa mbali, na ofisa wake, kwa sauti ya upole ambayo mtu humtumia mgonjwa, aliuliza kama nina tatizo la usukani, au labda tatizo jingine lolote ambalo ningependa kulizungumzia. Nilijibu kuwa ninasahihisha dira. Alikaa kimya kidogo, kisha akanitakia siku njema.

Tiba ilifanya kazi. Serahangi alishika 272 na dira kubwa ikakubali 272, nikajisifu kwa sauti, jambo ambalo mtu aliye peke yake hulifanya mara nyingi kuliko anavyokiri. Saa sita mchana nikaivuta mbuzi kutoka chini ya benchi, nikaketi, nikaanza kuikuna nusu ya nazi ya kwanza. Kabla sijakifikia kifuu, mashua iligeuka kushoto, ikaupokea upepo ubavuni, ikalala upande, na wimbi moja, si kubwa, likaja likamwagika ndani ya bakuli la nazi kana kwamba lilikuwa limetumwa. Nilirekebisha kwa mkono, nikamaliza kukuna, nikairudisha mbuzi mahali pake. Mashua ikanyooka yenyewe.

Siku ya tano ikawa vilevile. Nikikaa kukuna, mashua inakwenda kusini. Nikimaliza, inarudi njiani. Niliangalia usukani kama umelegea, nikaangalia nyaya, nikapima betri. Nilisoma Ayatul Kursi, kwa tahadhari tu. Kwenye ramani ya setilaiti njia yangu ilikuwa mstari ulionyooka wenye jino moja kila siku saa sita, na kwa kuyahesabu meno hayo mtu angeweza kusema nimekula wali wa nazi mara ngapi.

Siku ya sita nilijishusha nikamwandikia mjomba. Nilikuwa na kifaa cha kutumia ujumbe kwa setilaiti, ambacho hakikubali zaidi ya herufi 160 kwa mara moja, na kila ujumbe una bei yake. Niliandika: «Shikamoo Mjomba. Mashua inapinda kusini kila nipikapo, nikimaliza inarudi yenyewe. Nifanyeje?»

Jibu lilikuja baada ya saa nzima: «Marahaba mwanangu. Hujambo? Habari za bahari? Afya? Upepo waonaje? Maji ya kunywa yapo? Huku sote wazima alhamdulillahi. Watu wa nyumbani wakusalimu sana na». Herufi zilikuwa zimekwisha. Huwezi kumwambia mzee afupishe salamu, basi nilijibu zote moja moja, nami herufi zikanikwishia kwenye maji ya kunywa.

Ujumbe wake wa pili ulikuwa mfupi: «Wapika nini?»

«Wali wa nazi.»

«Nazi waikuna wapi?»

«Tezini, karibu na kana.»

Ukapita muda mrefu. Nadhani alikuwa akicheka, au amekwenda kuwahadithia wenzake barazani, kwa kuwa baadaye niligundua kwamba mji mzima ulikuwa na habari. Kisha: «Na mbuzi ukimaliza waiweka wapi?»

Nilisoma swali lile, nikainua macho kutoka kwenye kioo, nikalitazama benchi. Nilimtazama Serahangi. Nilipiga magoti, nikauona ule ulimi wa chuma umemwelekea tumboni, shubiri moja tu, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake. Kabla sijaandika neno, mjomba alimalizia: «Dira na chuma hawalali chumba kimoja. Mpishi wangu nilimkunisha nazi omo, mbele kabisa, miaka yote. Alidhani namchukia.»

Nilikwenda nikazibandua kurasa za 14 na 15 kwa ncha ya kisu. Palikuwa na mchoro mkubwa wa nyundo na spana vikiwa vimepigwa alama ya msalaba.

Sasa mambo yote yalinyooka isipokuwa mimi. Siku ya tatu chuma cha mbuzi kilikuwa kimempotosha Serahangi, nami siku ya nne nikamzungusha duara mbili huku mbuzi ikiwa palepale chini yake, yaani nilimfundisha kuihesabu mbuzi kama sehemu ya dunia. Tangu hapo alikuwa sahihi ikiwepo, na akipotea ikiondoka. Dawa ya kweli ilikuwa kuipeleka omo na kuzunguka upya, lakini kifaa cha kuonyesha meli kilikuwa na alama mbili karibu yangu, na sikuwa tayari kuulizwa tena hali yangu kwa sauti ile ya upole. Niliamua kwamba mbuzi itabaki kazini hadi Mombasa. Niliifunga kwa kamba ili isisogee hata kidole, na kwa kuwa mtu anayelala dakika 20 kwa mara moja huweza kufanya upuuzi wowote usiku, nilichukua kipande cha boksi nikaandika kwa herufi kubwa: MBUZI ASIONDOLEWE. Nilipoisoma niliona kuwa ngeli imenibadilikia mkononi, na tangu saa ile sikuweza tena kumtaja kama kitu.

Nilikula wali mkavu siku nne. Nazi 15 zilibingirika chumbani usiku kucha, zikinikumbusha.

Kuhusu kuingia pwani, mjomba alinishauri nilenge kusini ya Mombasa, kwa sababu wakati wa kusi mkondo wa pwani huelekea kaskazini na unaweza kuzidi maili 2 kwa saa, na aliyelenga bandari yenyewe hujikuta anaitazama Kilifi. Nilifanya hivyo, na usiku wa kumi niliona mwanga wa mji umeikalia anga. Asubuhi niliingia mkondo wa Kilindini kwa injini, nikiushika usukani kwa mikono yangu, nikafungwa gatini, nikaketi nikiwangoja wakaguzi.

Ofisa aliyekuja alikuwa kijana mstaarabu, mtu wa bara kwa lafudhi yake. Alipokea pasi yangu, akauliza habari za safari, akageuka, akakisoma kile kipande cha boksi mara mbili.

«Uko na mbuzi?»

Mtu aliyelala vipande vipande kwa siku kumi hujibu swali kama lilivyo. Nilisema, «Ndiyo, mmoja.»

«Ametoka Seychelles?»

«Alitoka Lamu, akaenda Mahé, sasa anarudi.»

«Ako na cheti cha daktari wa mifugo?»

«Hana, ni wa mbao.»

Alinitazama machoni kwa muda, kama anayetafuta kitu. «Na ako wapi saa hii?»

«Yuko chini ya benchi, nimemfunga kamba. Tafadhali usimwondoe, mashua itapotea njia.»

Aliitazama mashua, iliyokuwa imefungwa gatini kwa kamba nne. Alitoka bila kusema neno, akarudi na mwenzake, mtu mzima mwenye kofia ya vito, ambaye alichungulia chini ya benchi, akasoma tangazo langu, akakaa kitako palepale gatini akicheka hadi machozi, huku akijaribu kumweleza kijana na kushindwa kulivuka neno la tatu. Hatimaye alijifuta uso, akaichukua fomu, na kwenye orodha ya mabaharia, chini ya jina langu, akaandika kwa mwandiko mzuri: Mbuzi, 1, wa mbao. Kazi: usukani.