Klarineti Ikipiga Yowe, Tazama Vidole Kwanza

Nina ugomvi wa muda mrefu na walimu wa beni hapa Mbeya, na wengi wao ni rafiki zangu. Mwanafunzi mpya akipuliza klarineti ikapiga yowe, utasikia: "Ridi mbovu hiyo." Ridi, kile kijipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, inabadilishwa, yowe liko palepale. Basi wanahamia mdomoni: kaza, legeza, usiume. Vidole havina wa kuvitazama.

Mimi nasema anzeni na vidole. Tundu moja likivuja kidogo tu, sauti inaruka au inagoma kabisa. Kulijua hilo hakuhitaji fundi. Mwambie mtoto azibe matundu yote, akandamize kidogo, kisha afungue viganja umuone. Kila kidole kiwe na alama ya duara kamili, katikati ya ile nyama laini, si kwenye ncha wala karibu na kiungo. Ukikuta duara limekatika upande mmoja, mara nyingi kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia, mchawi umeshampata.

Chanzo chake, kwa ninavyoona, ni kidole gumba cha kulia. Klarineti ya kawaida ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, na kidole hicho ndicho kinachobeba sehemu kubwa. Kishikizo cha nyuma kikae kati ya kucha na kiungo cha kwanza. Mtoto akichoka anasukuma gumba ndani mpaka kishikizo kifike shinani, na hapo vidole vingine vinapitiliza matundu na kunyooka kama vijiti. Wengine wanaegemeza kidole cha shahada chini ya funguo za pembeni, vile vyuma vya kubonyeza, ili kupunguza mzigo. Ufunguo unafunguka kidogo, yowe hilo, na lawama inarudi kwa ridi!

Gumba la kushoto lina kazi mbili: kuziba tundu la nyuma na kugusa ufunguo wa kupandisha sauti. Likilala kimshazari, ncha yake inaufikia ufunguo bila kuhama. Aliyetoka kwenye filimbi ajue tu kwamba ufunguo huo haupandishi oktavu, yaani noti ya nane. Unapandisha mpaka noti ya kumi na mbili.

Halafu kuna baridi yetu. Asubuhi ya Juni au Julai vidole vimekufa ganzi, havihisi ukingo wa tundu. Apashe mikono kwanza. Kama chombo ni cha mbao, nacho kisipulizwe kwa nguvu kikiwa bado baridi, kinaweza kupasuka, hata kama mbao yenyewe ni mpingo, mti wa kwetu huku Tanzania unaokwenda Ulaya na kuturudia kwa bei isiyoshikika.

Najua kwaya inataka wimbo kabla ya Pasaka. Sawa, mpeni noti za mkono wa kushoto tu, mkono wa kulia ushike chombo, na mdomo wa chini wa klarineti uegemee gotini. Wapo wanaodai mkanda wa shingoni wa kubebea klarineti ni uvivu. Siafikiani nao hata kidogo; mtoto mwenye mkono mdogo avae. Na kama baada ya hayo yote vidole bado havifiki tundu la mwisho, mpeni tarumbeta mwaka huu, klarineti isubiri.