DNS ya ofisini na ya wingu: nani amjibu nani?

Kampuni nyingi za Dar es Salaam zinazohamia kwenye wingu huhamia nusu. Mfumo wa uhasibu na Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi) hubaki kwenye chumba cha seva Posta au Mikocheni. Programu ya simu na hifadhidata mpya huenda AWS, wingu la Amazon, kwenye kituo chake cha Cape Town, zikiwa zimegawanywa kwenye akaunti kadhaa: ya wateja, ya majaribio, ya usalama, na ile moja ambayo mtu aliifungua zamani na leo hakuna anayethubutu kuifunga. Siku seva ya Cape Town inapohitaji kuifikia hifadhidata ya Posta kwa jina, yaani kupitia DNS, mfumo unaogeuza majina kuwa anwani za mashine, mafundi hugawanyika kambi mbili.

Kambi ya kwanza inataka kila kitu kipite mahali pamoja. Akaunti moja ya mtandao ishike zoni zote za ndani (orodha za majina na anwani zake) pamoja na Route 53 Resolver, huduma ya DNS ambayo AWS iliitoa mwishoni mwa 2018. Lango lake la kutokea hupeleka ofisini maswali ya majina ya ofisini; lango la kuingilia hupokea maswali ya ofisini kuhusu majina ya wingu. Kambi ya pili inataka kila timu isimamie zoni zake na njia zake, bila kumsubiri mtu wa mtandao ambaye, kwa kampuni zetu nyingi, ni mmoja na yuko likizo.

Kwenye fedha kambi ya kwanza inashinda bila jasho. Kwa bei ya maeneo ya Marekani, kila anwani ya lango hutozwa dola 0.125 kwa saa, na kila lango linahitaji anwani mbili angalau. Lango moja ni kama dola 182 kwa mwezi hata kabla halijaulizwa chochote. Ya kuingilia na ya kutokea kwa pamoja ni kama 365. Kampuni yenye akaunti sita ikijenga jozi kwa kila akaunti italipa zaidi ya dola 2,000 kila mwezi ili mashine ziulizane majina tu. Wakati huo huo kanuni za kuelekeza (jina lipi liulizwe wapi) huandikwa mara moja na kushirikishwa akaunti nyingine zote, na VPC (mtandao binafsi wa akaunti ndani ya AWS) inayozitumia haihitaji hata kuunganishwa na VPC yenye lango ili swali lifike. Kumbukumbu za maswali nazo zikikaa mahali pamoja, mtu wa usalama anaiona haraka mashine inayouliza majina ya ajabu usiku wa manane.

Ila wapo wanaosikia "mahali pamoja" wakakimbilia kujenga seva zao mbili za DNS kwa programu za BIND au Unbound, kisha kuelekeza VPC zote huko. Kwenye AWS mpango huu una shimo: seva hizo nazo huiuliza rizolva ya ndani ya VPC (mashine inayotafuta majibu ya majina), ambayo hupokea pakiti 1,024 kwa sekunde kutoka kila kadi ya mtandao, na kikomo hicho hakiongezwi. Maswali yaliyokuwa yametawanyika kwenye mamia ya kadi sasa yanabanwa kwenye mbili, na yanayozidi hutupwa kimyakimya. Programu inakwama mara moja moja, kila mtu anailaumu hifadhidata.

Hoja nzito zaidi, kwa mtazamo wangu, si ya bei. Ni kwamba mawasiliano kati ya Dar na Cape Town hutegemea sana nyaya za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na Seacom ilikatika pamoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Chukulia ofisi ambayo kompyuta zake zote zimeambiwa rizolva yao ni lango la Cape Town. Siku kama hiyo, hata printa ya chumba cha jirani haipatikani kwa jina. Geuza mpango: wingu lote limeelekezwa kuuliza Posta kila kitu, hadi majina ya intaneti. Mteja aliye London, ambaye njia yake ya kwenda Cape Town haipiti kwetu, naye anakosa huduma, ingawa seva inayomhudumia ni nzima. Ni sawa na mtu wa Mbagala kwenda Bunju kuulizia nyumba iliyo mtaa wa pili kutoka kwake.

Watetezi wa kituo kimoja hujibu: njia ikikatika, hata ukilijua jina utafika vipi? Kwa majina ya upande wa pili, wana haki. Lakini si majina yote ni ya upande wa pili, na njia zetu mara nyingi hazifi moja kwa moja. Huyumba, hurudi, huhamia njia ya akiba. Katika kuyumba huko kache ya karibu, yaani majibu yaliyohifadhiwa, ina thamani kubwa. Unbound na BIND zote zinaweza kutoa jibu lililopitwa na muda pale mwenye zoni asipopatikana, utaratibu ulioandikwa kwenye RFC 8767, waraka wa kanuni za intaneti wa mwaka 2020. Kache hiyo ndiyo tegemeo la ofisi, maana Route 53 hairuhusu kunakili zoni nzima kwenda kwenye seva nyingine.

Kwa hiyo ningetenganisha vitu viwili ambavyo ubishi huu huvichanganya. Kanuni na umiliki wa majina vikae kwenye akaunti moja. Kujibu kufanyike karibu na anayeuliza: ofisini rizolva ya ofisini, ndani ya VPC rizolva ya VPC, na kinachovuka bahari kiwe yale majina tu yanayomilikiwa ng'ambo. Kama seva za wingu zinategemea Active Directory, seva moja yake iwekwe huko huko Cape Town. Timu zipewe kila moja tawi lake la jina, zibadilishe rekodi zitakavyo.

Matawi hayo yana faida nyingine. Pande zote mbili zikidai jina lile lile, ofisi huelekeza swali wingu na wingu hulirudisha ofisini, likazunguka hadi muda uishe. Tawi la wingu na tawi la Posta, yote chini ya jina la .co.tz ambalo kampuni imelisajili, huondoa kizunguzungu hicho. Kuhusu majina ya ndani ya zamani yanayoishia na .local, mwisho huo ulitengwa kwa matumizi mengine tangu 2013, kwa hiyo yanaleta ugomvi usio na sababu. Asiyetaka kutumia jina lake la umma anayo .internal, ambayo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, iliitenga kwa matumizi ya ndani mwaka 2024.

Kampuni yenye akaunti moja na seva tatu haihitaji malango wala jozi. Inaweza kuandika anwani zake za ndani kwenye zoni yake ya umma na kuendelea na kazi. Mkaguzi atanuna kwa sababu ramani ya ndani inaonekana nje, na baadhi ya ruta hukataa majibu ya umma yenye anwani za ndani, kwa hiyo zijaribiwe kwanza.