Bakodi ya bei chee au ya GS1, mjasiriamali mdogo achukue ipi?

Hili swali la bakodi, ile mistari myeusi ya kuskani kwenye bidhaa, haliishi kwa wajasiriamali wa hapa Bongo. Mtu ana asali yake ya Tabora au siagi ya karanga, kashahangaika mpaka kapata alama ya ubora ya TBS, anafika supamaketi anaambiwa lete yenye bakodi ndo tupokee mzigo. Sasa ajiunge GS1 Tanzania, tawi la shirika la kimataifa linalotoa namba za bakodi, ambako kuna ada ya kujiunga na ya kila mwaka, au anunue namba kwa wale wanaouza mtandaoni kwa bei chee, unalipa mara moja umemaliza?

Kwanza tujue kinacholipiwa ni nini. Ile mistari yenyewe ni bure, programu za kuichora zimejaa, unacholipia ni namba. Ziko tarakimu 13, tatu za mwanzo zikitolewa Tanzania ni 620 (Kenya ni 616), zinafuata za kampuni yako, kisha za bidhaa, na ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba mashine haijasoma vibaya. Bei haimo humo, bei iko kwenye kompyuta ya duka. Halafu kila ujazo una namba yake, asali ya gramu 250, ya gramu 500 na ya kilo moja hizo ni namba tatu, na wengi wanakuja kulijua hili lebo zishachapwa.

Wanaotetea namba za bei chee wana hoja na siyo ya kubeza. Mashine ya keshia inasoma namba, inaitafuta kwenye orodha ya duka lile lile, ikiikuta inaleta bei, basi, ianze na 620 au ianze na 0 kwake sawa tu. Na siyo kwamba namba zote za hivyo ni feki, nyingi zilitolewa Marekani kwa kampuni zilizojiunga kabla ya 2002, ambazo hazidaiwi ada ya mwaka, ndo wenyewe wakaanza kuuza zilizobaki. Kwa mama anayetoa chupa chache kwa mwezi, ada ya kila mwaka ni hela ya vifungashio kabisa, tusijifanye hatulioni hilo.

Ila mi hapa ndo naachana nao. Namba ile kwenye kumbukumbu za GS1 ina jina la kampuni ya watu huko Marekani, na mtu yeyote anaweza kuingia kwenye tovuti ya GS1 akaitafuta akakuta siyo wewe. Duka la hapa mjini linaweza lisijali, lakini Amazon wanalinganisha namba na kumbukumbu za GS1, jina likipishana bidhaa inaweza kukataliwa, na supamaketi kubwa za nje zipo zinazodai uthibitisho wa GS1 wenye jina lako. Baya zaidi ukiangukia muuzaji asiye mwaminifu akauza namba moja kwa watu wawili, siku bidhaa zote zikiingia duka moja asali yako inasomeka sabuni, meneja anaishusha kwenye shelfu, na wewe huna karatasi ya kuonyesha kwamba namba ni yako. Kuazima namba ya kampuni ya rafiki tatizo ni lile lile, akiacha kulipia wewe umekwama.

Upande wa pili nao kuna maneno yanayozidishwa. Zamani wazalishaji wetu walikuwa wanafuata namba Kenya na Afrika Kusini kwa hiyo kupata 620 lilikuwa jambo kubwa, sawa kabisa, lakini 620 inaonyesha tu kwamba kampuni imesajiliwa hapa. Mwagizaji wa Kariakoo anaweza kuiweka kihalali kwenye bidhaa iliyotengenezwa China. Na bakodi haipimi ubora, hiyo kazi ni ya TBS, kumwambia mjasiriamali kwamba akiwa na bakodi bidhaa yake itaaminika ni kumpotosha.

Kwangu kinachoamua ni muda. Kama bado unauzia duka la Mangi, ofisini kwa watu na Nanenane, hakuna anayeskani, na mashine ya EFD ya TRA, ile ya risiti za kodi, haihusiani na bakodi hata kidogo, kwa hiyo kulipa ada sasa hivi ni kuua mtaji. Supamaketi moja ikikukubali waulize kwanza kama wanaweza kukupa namba yao ya ndani, zile zinazoanza na 2, zinafanya kazi kwenye duka lao tu ila zinakupa nafasi ya kupima soko. Likija duka la pili na la tatu, hapo jiunge GS1 kwa jina la biashara yako, na sioni kwa nini mwenye bidhaa moja au mbili asipunguziwe ada miaka ya mwanzo.

Wakati unasubiri, acha nafasi kwenye lebo, kama milimita 37 kwa 26, unaweza kuishusha mpaka asilimia 80 ya hapo, na pembeni pabaki peupe. Mistari iwe myeusi juu ya rangi nyeupe. Usichape mistari myekundu hata kama ndo rangi ya nembo yako, mashine nyingi zinatumia mwanga mwekundu, haziioni kabisa.