Ayu Ndani ya Suruali: Toleo Langu

Kwa kuwa Hamisi ameshairusha kwenye status video aliyonirekodi nikivua samaki, na kwake eti nililia, naomba na mimi nisikilizwe.

Mnajua nilivyokuwa nikiuringia huu mto Nagara, huku Gifu, Japani: ukivua ayu, samaki mdogo wa mtoni, roho inatulia, unausikia mto kupitia mshipi. Ni kweli kabisa. Ayu hula mwani ulioota kwenye mawe, na jiwe lake hagawani na ayu mwingine. Kwa hiyo chambo chako ni ayu mwenzake aliye hai. Unamvisha pete ndogo puani, kindoana kimoja kinamshika karibu na pezi la nyuma ya tumbo, na ndoana tupu za ncha tatu au nne zinaburutika nyuma ya mkia. Mwenye jiwe anakuja kumpiga kumbo mvamizi, ananasa.

Fimbo ina mita kama 9, mshipi karibu urefu huohuo, kigurudumu cha kukunjia hakuna. Samaki unamtoaje? Unamrusha. Wote wawili wanapaa kukujia, unawadaka kwa kimia. Wazee wa huku wanadaka huku wanapiga soga.

Basi, fimbo ikapinda. Nikashuka kidogo na mkondo, nikainua taratibu mpaka pua ya chambo ikachungulia juu ya maji. Nikavuta. Wakapaa! Bado nawaona: wawili, wanameremeta, wanazidi kuwa wakubwa kadiri wanavyokaribia. Kimia nikakitanguliza kushoto. Wao wakaja kulia. Chambo akanizaba kofi la shavu, harufu ya tango ikanijaa puani. Ndoana zikanasa kwenye ukingo wa suruali ya mpira, ile ya kufika kifuani, ya kuazima, iliyonipwaya. Yule mwenye jiwe akachomoka, akazama.

Si majini, wandugu. Ndani ya suruali.

Akapita kitovu. Akapita pale (watoto wasisome). Akafika gotini, akatulia, nadhani akidhani amepata jiwe. Halafu akaanza kulilinda.

Mzee aliyekuwa jirani yangu akaja mbio akipiga kelele. Nikashukuru, msaada umefika. Kumbe anamwokoa ayu! Uvuvi huu, samaki uliyempata sasa hivi ndiye chambo chako kinachofuata. Yule wa kwanza ameshachoka, na aliyechoka hachokozi mtu. "Toa hiyo suruali haraka, atakufa!" Nikaivua palepale mtoni, na ndani, kwa ajili ya baridi, nilikuwa nimevaa taiti za mke wangu. Za pinki. Mnaocheka, tulieni. Mzee akalowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu humchubua ayu, kisha akaingiza mkono kwenye mguu wa suruali kwa heshima zote.

Hapo ndipo Hamisi alipotoa simu. Machozi mnayoyaona ni maji ya mto.

Ayu alipona. Nikamwachia mzee amtumie, akamvutia wawili chapuchapu. Mimi nilikuwa ukingoni, nakausha taiti.